Methionini na laisini kwa kuku wa mayai: namna ya kupima, kuhesabu na kuchanganya

"Niweke vijiko vingapi vya methionini kwa gunia?" Swali hili halikauki, na kila likija huja na wenzake wawili: "Nimeweka methionini mwezi mzima, mbona mayai yako palepale?" na "Hivi laisini ni ya lazima, au wenye maduka wanatafuta hela tu?" Methionini na laisini ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, na dukani huuzwa kama unga wa kuchanganya kwenye chakula. Nimeamua kuyajibu maswali yote matatu mahali pamoja, kwa hatua, ili ukimaliza kusoma uingie stoo ukapime.

Mwongozo huu ni wa mfugaji anayejichanganyia chakula, mwenye kuku wa kisasa wa mayai ambao tayari wameanza kutaga: ISA Brown, Hy-Line, Lohmann na wa aina hiyo. Kama unanunua chakula cha kiwandani kilichokamilika, usiongeze kitu. Mwenye kiwanda ameshaweka. Kama una kienyeji au chotara anayetaga yai leo na kupumzika kesho, mahitaji yake ni madogo kuliko nitakayoyataja, na hela ya methionini afadhali uipeleke kwenye chanjo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani mbili: kubwa ya kupimia malighafi (hata ya kuning'iniza inafaa), na ndogo ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Hii ya pili usiikwepe.
- Daftari na kalamu, na kikokotoo cha simu.
- DL-methionini ya unga, yenye usafi wa asilimia 99.
- Laisini. Hapa soma kifungashio vizuri. Iliyozoeleka ni laisini hidrokloridi, ambayo asilimia 78 hivi ya uzito wake ndiyo laisini yenyewe. Kuna nyingine inaitwa laisini salfeti, nayo ina takriban asilimia 55. Bei ya kilo ikiwa chini sana kuliko duka la jirani, angalia kwanza kama hujashikishwa salfeti.
- Malighafi zako za kawaida: mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, dagaa, chokaa ya mifugo, unga wa mifupa au DCP (dikalsiamu fosfeti, madini ya kalsiamu na fosforasi), chumvi, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai.
- Turubai safi, sepetu, na ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko.

Methionini halisi ina harufu ya salfa, ile ya kabichi iliyochacha, na chembe zake ni nyeupe au zenye weupe uliofifia. Ukifungua mfuko ukakuta unga usionuka kabisa, rudisha. Laisini hidrokloridi huwa na rangi ya kahawia hafifu na hunyonya unyevu upesi. Ikiwa imeshikana mabonge, mfuko ulikaa wazi.

Nadharia, kidogo tu

Yai la gramu 60 hubeba protini gramu 6 hadi 7. Protini hiyo hujengwa kwa asidi amino za aina nyingi kwa uwiano maalumu, na kuku hawezi kubadilisha uwiano huo. Moja ikipungua, zilizobaki hazina kazi: mwili unazivunja, na unaziona zimetoka kwenye kinyesi chenye harufu ya amonia. Kwenye chakula cha mahindi na soya, inayopungua kwanza ni methionini. Vitabu na wauzaji wengi husema hivyo na wako sahihi, kwa chakula hicho. Lakini wengi wetu Tanzania hatulishi mahindi na soya. Tunalisha mahindi, pumba na mashudu ya alizeti kutoka Singida na Dodoma. Alizeti ina methionini ya kutosha tu na ni maskini wa laisini. Kwa hiyo anayelisha alizeti kwa wingi halafu akaongeza methionini peke yake anaziba tundu dogo na kuacha kubwa. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili pale juu.

Hatua ya 1: Pima kuku anakula gramu ngapi

Usianze na dawa wala unga. Asubuhi, pima chakula unachomwaga bandani. Kesho yake, kabla ya kumwaga kingine, kusanya kilichobaki kwenye vilishio ukipime. Toa, kisha gawa kwa idadi ya kuku. Mfano: kuku 200, umemwaga kilo 25, zimebaki kilo 2. Wamekula kilo 23, yaani gramu 115 kila kuku. Fanya hivyo siku tatu mfululizo uchukue wastani, maana siku moja yenye mvua au kelele inaweza kukudanganya.

Kuku hahitaji asilimia. Anahitaji miligramu kwa siku. Kuku wa kisasa aliye kwenye kilele cha kutaga anahitaji kwa siku laisini miligramu 920 hivi na methionini miligramu 440 hivi, zikihesabiwa jumla jinsi zilivyo kwenye chakula. Kuku wa Njombe kwenye baridi anaweza kula gramu 125. Wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa pili, ulimi nje kwa joto, atakula 100 au chini yake. Chakula kilekile kinamtosha wa kwanza na kumpunja wa pili.

Kupata lengo lako kwa kila kilo 100 za chakula, tumia hesabu hii:

- Laisini: 92,000 gawa kwa gramu anazokula kuku mmoja.
- Methionini: 44,000 gawa kwa gramu hizohizo.

Kwa kuku anayekula gramu 115, lengo ni gramu 800 za laisini na gramu 383 za methionini katika kilo 100. Kwa anayekula 100, ni gramu 920 na 440. Kwa anayekula 125, ni gramu 736 na 352. Andika namba zako, tutazirudia.

Hatua ya 2: Andika mayai na uzito wake

Kwa muda wa wiki moja kabla ya kubadilisha chochote, andika idadi ya mayai ya kila siku na asilimia ya utagaji (mayai gawa kwa kuku, zidisha kwa 100). Mara mbili katika wiki hiyo, pima trei iliyojaa mayai 30 yaliyookotwa bila kuchagua, toa uzito wa trei tupu, gawa kwa 30. Mayai yenye uzito wa kilo 1.8 ni wastani wa gramu 60 kila yai.

Wengi huruka hatua hii, halafu baada ya mwezi wanasema "naona kama yameongezeka". Kuona kama hakuna bei sokoni.

Hatua ya 3: Soma premiksi yako

Geuza mfuko usome nyuma. Premiksi nyingi za kuku wa mayai, na hasa zile nzito zinazotumika kilo kadhaa kwa kila kilo 100 za chakula, tayari zina methionini na laisini. Kiasi huandikwa kwa kilo ya premiksi au kwa tani ya chakula. Angalia ni kipi. Kama inakupa, tuseme, gramu 50 za methionini kwa kila kilo 100 za chakula, hizo zinaingia kwenye hesabu ya hatua inayofuata. Kama kifungashio hakitaji asidi amino, chukulia hazimo.

Hatua ya 4: Hesabu kilichomo kwenye mchanganyiko wako

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua namba zifuatazo kama makadirio ya kufanyia kazi. Kila kilo moja ya malighafi ina gramu hizi:

- Mahindi: laisini 2.5, methionini 1.8
- Pumba za mahindi: laisini 4.0, methionini 1.7
- Mashudu ya alizeti (yenye maganda, protini karibu asilimia 25): laisini 9, methionini 5.5
- Soya nzima iliyokaangwa: laisini 23, methionini 5.2
- Dagaa wakavu, wasio na mchanga: laisini 42, methionini 15

Chokaa, mifupa na chumvi hazichangii.

Tuanze na mchanganyiko ninaouona sana kwa wafugaji wadogo. Tuuite wa Alizeti. Katika kilo 100: mahindi 50, pumba 8, mashudu ya alizeti 28, dagaa 4, na kilo 10 zilizobaki ni chokaa, mifupa, chumvi na premiksi. Zidisha kilo kwa namba:

Laisini: 125 + 32 + 252 + 168 = gramu 577.
Methionini: 90 + 13.6 + 154 + 60 = gramu 318 hivi.

Linganisha na lengo la kuku wa gramu 115. Methionini imepungua gramu 65. Laisini imepungua gramu 223! Huyu ndiye anayeambiwa dukani anunue methionini, anaweka mwezi mzima, mayai yako palepale. Si kwamba methionini ni feki. Laisini ndiyo iliyomfunga.

Sasa tuupunguze alizeti na kuingiza soya. Mchanganyiko wa Soya: mahindi 50, pumba 6, mashudu ya alizeti 18, soya iliyokaangwa 11, dagaa 5, na kilo 10 za madini kama ifuatavyo: chokaa 8.3, unga wa mifupa 1.2, chumvi 0.25, premiksi 0.25 (au kadiri ya maelekezo ya premiksi yako).

Laisini: 125 + 24 + 162 + 253 + 210 = gramu 774.
Methionini: 90 + 10.2 + 99 + 57.2 + 75 = gramu 331.

Hapa laisini imepungua gramu 26 tu, na methionini gramu 52. Mambo yamegeuka: methionini sasa ndiyo yenye pengo kubwa kwa uwiano, na laisini inahitaji nyongeza ndogo tu. Protini ya jumla imepanda kutoka asilimia 14 hivi hadi 16, na nguvu ya chakula nayo imepanda, kwa kuwa maganda ya alizeti yamepungua.

Fanya hesabu hii kwa mchanganyiko wako mwenyewe, kwa kilo zako mwenyewe. Usinakili wangu kama una malighafi tofauti.

Hatua ya 5: Rekebisha malighafi kwanza, unga baadaye

Kanuni yangu: pengo la laisini likizidi gramu 150 hivi kwa kilo 100, usinunue laisini ya kuliziba lote. Badilisha mchanganyiko. Chakula kinachopungukiwa laisini kiasi hicho kwa kawaida kinapungukiwa pia asidi amino nyingine, kama threonini na triptofani, ambazo hujanunua, na ukijaza laisini peke yake utakutana na ukuta unaofuata. Unga ni wa kumalizia. Soya na dagaa ndio wa kujengea.

Mambo mawili ya malighafi yanayoharibu hesabu yote:

Soya mbichi haifai. Ina vizuizi vinavyozuia kuku kusaga protini, kwa hiyo hata laisini ya kwenye mahindi na dagaa inapita bure. Ikaange hadi iwe na rangi ya dhahabu, ipasuke vizuri ukiitafuna, na ile ladha ya ubichi wa maharage iishe. Usiipitilize. Soya iliyogeuka kahawia iliyokolea imeunguza laisini yake. Protini ukiipima maabara bado ipo, ila kuku hawezi kuitumia. Naona afadhali kukaanga kidogo kidogo kwenye sufuria pana ukikoroga bila kuacha, kuliko kujaza sufuria na kuondoka kwenda kunywesha maji.

Dagaa, hasa wa chini ya gunia, huja na mchanga. Chukua kiganja, tia kwenye bakuli la maji, koroga, subiri dakika moja. Kinachotulia chini ni mchanga unaoulipia bei ya protini. Wakiwa na mchanga mwingi, zile gramu 42 zinaweza kuwa 30. Waliotiwa chumvi nao wapunguzie chumvi ya kwenye mchanganyiko, la sivyo kinyesi kitakuwa maji matupu.

Na mashudu ya pamba? Kwa kuku wa mayai nayaepuka. Yana kemikali inayobadilisha rangi ya kiini yai likikaa stoo, na mteja aliyepasua yai akakuta kiini cha kijani hatarudi kuuliza sababu.

Hatua ya 6: Geuza pengo kuwa gramu za unga

Methionini ya asilimia 99: pengo lako ndilo kipimo chako. Gramu 52 ni gramu 52.

Laisini hidrokloridi: gawa pengo kwa 0.78. Gramu 26 gawa kwa 0.78 ni gramu 33. Kama una salfeti, gawa kwa 0.55, utapata gramu 47.

Kwa mchanganyiko wetu wa Soya, basi, kila kilo 100 zinapata methionini gramu 52 na laisini hidrokloridi gramu 33. Jibu la "vijiko vingapi" ni kwamba kijiko hakina uzito maalumu. Kijiko kilichojaa na kilichofutwa juu vinapishana sana, na methionini ni miongoni mwa asidi amino zinazomdhuru kuku mapema zaidi zikizidi: anaanza kwa kukataa chakula.

Hatua ya 7: Punguza makali kabla ya kuchanganya

Gramu 52 ndani ya kilo 100 haziwezi kusambaa ukizimwaga moja kwa moja. Zitabaki kona moja ya rundo.

Chukua kilo 1 ya pumba laini zilizochekechwa, weka kwenye ndoo, tia methionini, laisini, premiksi na chumvi. Funika, tikisa na kugeuza ndoo kwa dakika mbili au tatu. Mimina kwenye kilo 5 nyingine za pumba ndani ya ndoo ya pili, changanya tena. Hizi pumba ni zilezile za kwenye mchanganyiko, usiongeze juu yake.

Hatua ya 8: Changanya kwenye turubai

Tandaza mahindi, juu yake mashudu na soya, kisha dagaa, kisha chokaa na mifupa, na mwisho nyunyiza zile pumba za hatua ya 7 juu ya eneo lote. Kusanya rundo katikati. Hamisha rundo zima kwa sepetu kwenda upande wa pili wa turubai, kila sepetu ukiimwaga kileleni ili chakula kiporomoke pande zote. Rudia mara nne au tano.

Kisha jaribu hivi: chota viganja vitano kutoka sehemu tano, katikati na chini pamoja, uviweke juu ya karatasi nyeupe. Tazama chembe nyeupe za chokaa na maganda meusi ya alizeti. Kiganja kimoja kikiwa na chokaa nyingi kuliko vingine, bado. Geuza tena mara mbili. Kama chokaa, ambayo ni kilo nane, haijasambaa, gramu 52 zako ziko wapi?

Changanya kiasi cha kulisha wiki mbili tu. Mahindi yaliyoparazwa na soya nzima yenye mafuta huharibika upesi kwenye joto.

Hatua ya 9: Lisha hadi kilishio kibaki tupu

Kuku hupenda kuchagua vipande vikubwa. Atadonoa mahindi na kuacha vumbi, na hilo vumbi lililobaki chini ya kilishio ndilo lenye methionini uliyoinunua. Ukimwaga kipya juu ya cha zamani kila siku, vumbi linarundikana hadi linavunda. Gawa chakula mara mbili, na kila siku, mchana kabla ya mlo wa jioni, acha vilishio vikae vitupu kwa muda mfupi ili wamalize kila kitu. Kwenye joto la pwani, mlo mkubwa uwe alfajiri na mwingine jioni jua likipoa.

Kama umebadilisha mchanganyiko wote, usihamishe kwa siku moja. Anza na robo mpya na robo tatu ya zamani, ongeza polepole ndani ya wiki.

Hatua ya 10: Subiri, kisha pima tena

Kiini cha yai huchukua siku 10 hivi kukua kabla halijatagwa. Kwa hiyo usitafute majibu kesho kutwa. Uzito wa yai ndio unaoanza kusogea; idadi hufuata, kama kweli ilikuwa imeshuka kwa sababu ya upungufu. Baada ya wiki tatu rudia vipimo vya hatua ya 1 na ya 2, ulinganishe na daftari. Ukiweza kuligawa banda mara mbili, nusu wakala cha zamani na nusu kipya, utapata jibu safi zaidi, kwa sababu joto, mwanga na kelele vitakuwa sawa kwa wote.

Hesabu ya hela ni fupi. Jumlisha gharama ya unga wa asidi amino kwa kilo 100, gawa kwa bei unayouzia yai moja. Hiyo ndiyo idadi ya mayai ya ziada unayohitaji kutoka kila kilo 100 ili usipate hasara. Kuku 200 wanamaliza kilo 100 kwa siku nne na kidogo. Utagaji ukipanda kutoka asilimia 80 hadi 81, unapata mayai 2 zaidi kwa siku, karibu 9 kwa kila kilo 100.

Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji hawasemi. Methionini ya ziada huongeza zaidi ukubwa wa yai. Soko letu kubwa linauza kwa trei, si kwa kilo. Kama mteja wako analipa bei moja kwa yai la gramu 58 na la gramu 65, hakuna sababu ya kulipia hizo gramu saba. Ziba pengo, ufike kwenye lengo, usimame hapo. Anayeuzia hoteli zinazochagua mayai makubwa ana hesabu nyingine.

Makosa yanayojirudia

Kutumia vitamini za maji zenye asidi amino badala ya kurekebisha chakula. Kuku wa gramu 115 za chakula anakunywa maji ya robo lita hivi. Ukiweka gramu moja ya unga kwa lita, anapata robo gramu ya unga kwa siku. Hata unga wote ungekuwa laisini tupu, ni miligramu 250, wakati anahitaji 920. Na mara nyingi sehemu kubwa ya unga ni sukari. Tumia vitamini hizo siku za chanjo au safari, basi.

Kuongeza methionini kwenye chakula cha kiwandani "ili kuwasukuma".

Kuwapa chakula hiki mitetea ambao hawajaanza kutaga, au vifaranga. Chokaa iliyomo inaumiza figo zao.

Kuendelea na kipimo kilekile kwa kuku wazee. Kuanzia wiki ya 60 hivi yai huwa kubwa lenyewe, ganda linabaki na chokaa ileile, linakuwa jembamba, na mayai yanapasuka kwenye trei. Wakati huo shusha methionini kidogo, kwa gramu 30 hivi kwenye lengo la kilo 100, na uongeze chokaa ya chembe kubwa.

Ukikwama

*Mayai madogo, idadi ni nzuri, kuku wana zaidi ya wiki 30.* Hii ndiyo dalili ya kawaida ya methionini kupungua. Rudia hatua ya 4. Kama kuku ndio kwanza wana wiki 20, acha. Mayai ya mwanzo huwa madogo.

*Wanadonoana na kula manyoya.* Upungufu wa methionini ni sababu mojawapo, maana manyoya yanahitaji salfa. Angalia pia chumvi, msongamano na mwanga mkali kabla ya kulaumu chakula.

*Wanakula sana, wamenenepa, wanataga kidogo.* Chakula kina nguvu ila asidi amino ni chache, nao wanakula zaidi kuzitafuta. Mchinje mmoja: mafuta mengi ya njano tumboni na ini lililopauka, linalokatika ukilishika, vinathibitisha. Punguza mahindi, ongeza soya.

*Maranda yamelowa na banda linanuka amonia.* Protini imezidi au haina uwiano, au dagaa wana chumvi. Kwa mchanganyiko wenye soya na dagaa wengi, punguza dagaa kilo 1, weka mahindi, kisha ufidie kwa unga: kwa kilo hiyo moja umepoteza laisini gramu 40 na methionini 13.

*Maganda laini au membamba.* Upungufu wa asidi amino hauhusiki. Chokaa, vitamini D, joto, au ugonjwa.

*Kiini kimepauka.* Mahindi meupe. Weka ya njano, au majani mabichi, mchicha, majani ya mlonge. Methionini haina rangi.

*Mayai yananuka samaki.* Baadhi ya kuku wa mayai ya kahawia hawawezi kuvunja kemikali fulani ya samaki. Punguza dagaa, ongeza soya.

*Utagaji umeporomoka ndani ya siku mbili tatu.* Upungufu wa asidi amino hushusha mayai taratibu. Kuanguka ghafla ni maji yaliyokatika, taa iliyozimika kwa kuku waliozoea saa 16 za mwanga, hofu ya mnyama usiku, au ugonjwa kama kideri. Acha mizani, kagua vinywesheo na taa, na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

*Umefanya yote, wiki tatu zimepita, hakuna kilichosogea.* Peleka sampuli ya chakula chako, nusu kilo iliyochotwa sehemu mbalimbali za rundo, ikapimwe protini, nyuzi na majivu (madini yanayobaki chakula kikichomwa) kwenye maabara ya lishe ya mifugo. Majivu yakiwa juu kuliko chokaa na mifupa ulivyoweka, kuna mchanga kwenye dagaa au pumba. Nyuzi zikiwa juu, mashudu yako ni maganda zaidi ya mbegu, na ile namba 9 ya laisini uliyoizidishia kwenye hatua ya 4 ishushe hadi 7 kisha upige hesabu upya.